Kruzi kontroli ya Prado ya 1999 haishiki: anzia kwenye pedali ya breki, kompyuta iache mwisho

Swali: Nina Toyota Prado ya mwaka 1999, petroli ya 3.4, gia otomatiki. Kruzi kontroli ilianza kujizima yenyewe kati ya Karuma na Pakwach, na taa yake ikawa inapepesa. Siku hizi nikibonyeza kitufe taa inawaka vizuri lakini gari halishiki kasi hata kidogo. Mafundi wawili wameniambia kompyuta ya kruzi imekufa, ninunue nyingine. Nianzie wapi kabla sijatoa pesa? (Msomaji, Arua)

Jibu:

Ndugu msomaji, usinunue kompyuta bado. Kwenye mfumo huu wa zamani kompyuta ndiyo ya mwisho kushukiwa, kwa sababu kruzi, yaani mfumo unaoshikilia kasi bila wewe kukanyaga mafuta, imeundwa iwe nyepesi kukataa. Ili ishike kasi inataka ruhusa kutoka pande zote kwa wakati mmoja: kitufe kikuu kiwe kimewashwa, swichi ya breki iseme mguu haupo juu ya pedali, gia iwe kwenye D, kasi iwe imepita takriban kilomita 40 kwa saa, na mota inayovuta kebo ya throtoli (mlango wa hewa ya injini) iitikie amri. Ruhusa moja ikikatika, hata kwa nukta moja tu, mfumo unaachia. Kazi yako ni kumtafuta anayenyima ruhusa, na mara nyingi ni kitu cha bei ndogo.

Taa kuwaka unapobonyeza kitufe ni habari njema. Maana yake fyuzi ni nzima, kompyuta inapata umeme na kitufe kikuu kinafanya kazi. Kule kupepesa ulikokuona njiani nako kuna maana. Ukikanyaga breki au kasi ikishuka chini ya 40, kruzi huachia kimya kimya. Lakini kompyuta ikigundua hitilafu, huachia na kuipepesa taa mara 5, kisha huhifadhi namba ya kosa. Kompyuta iliyokufa haina uwezo wa kufanya hivyo. Iulize kwanza ilichoona.

Kusoma namba hizo hakuhitaji mashine. Chini ya boneti tafuta kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu yake. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha unganisha matundu ya Tc na E1 kwa kipande cha waya. Kama kisanduku hicho hakipo, tumia soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, pini ya 13 na ya 4. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana mengine yana umeme wa betri. Taa za injini, ABS na mfuko wa hewa zinaweza kuanza kupepesa pamoja. Usishtuke, wewe tazama ya kruzi tu. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 2, ikatulia kidogo, ikapepesa mara 1, hiyo ni 21.

Namba 11 na 12 zinahusu umeme wa mota na wa klachi yake ya sumaku (inayoishikanisha mota na mkono unaovuta kebo). 13 ni waya uliokatika upande wa mota au klachi, au sensa ya mkono wa mota inayosema mambo yasiyolingana na amri. 21 ni alama ya kasi isiyofika. 23 ni kasi iliyoshuka kiasi cha kilomita 16 au zaidi chini ya ile uliyoiweka, na hii peke yake si ugonjwa: gari lililojaa mizigo likipanda mlima mrefu litaitoa. 32 na 34 zinaelekeza kwenye mkono wa swichi ulio kwenye usukani. 41 ndiyo inayoitaja kompyuta. Mafundi wako wakikuonyesha 41, hapo wana hoja. Ukiona kitu kingine, au usipoona kitu, endelea kusoma.

Kosa la swichi ya breki mara nyingi haliachi namba yoyote, kwa kuwa kompyuta inaamini tu kwamba umekanyaga. Kwa sababu hiyo mimi huanzia hapo hata namba ikisema vingine. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari. Taa zote za breki ziwake ukikanyaga kidogo tu, na zizime kabisa ukiachia. Zikibaki zimewaka, au zikichelewa kuzima, umeshampata mkaidi. Kwenye magari ya umri huu kile kipande cha mpira au plastiki kwenye mkono wa pedali, kinachosukuma ncha ya swichi, hukauka na kupasuka. Ncha inabaki nje, na gari linadhani siku nzima mguu uko kwenye breki. Ukiona vipande vya mpira vimetapakaa kwenye zulia karibu na pedali, usitafute zaidi.

Taa zikiwa sawa, bado hujamaliza na swichi hiyo. Ina waya 4 kwa sababu ndani yake kuna swichi mbili. Moja inawasha taa unapokanyaga. Ya pili ni kinyume: imefungwa muda wote pedali ikiwa juu, na inafunguka unapokanyaga. Umeme wa klachi ya sumaku ya kruzi unapita kwenye hii ya pili, ili ukigusa breki klachi iachie hapo hapo bila kusubiri uamuzi wa kompyuta. Taa zinaweza kuwaka vizuri kabisa huku swichi ya pili ikiwa imeungua au imejaa vumbi. Chomoa soketi, weka multimita kwenye kupima mwendelezo, upime jozi zote mbili. Jozi moja isome karibu omu 0 pedali ikiwa juu na ikatike ukikanyaga, nyingine ifanye kinyume chake. Ikiruka ruka unapoitikisa swichi kwa kidole, ibadilishe. Barabara mbovu huilegeza nati ya swichi taratibu, na hiyo yatosha kueleza kruzi inayoachia kila mara gari linaporuka tuta. Unapoirudisha, kipimo cha Toyota nyingi ni nafasi ya milimita 0.5 hadi 2.4 kati ya mwili wa swichi na kizuizi cha pedali pedali ikiwa juu.

Je, kuna mtu aliweka balbu za LED kwenye taa za breki? Kwenye magari mengi ya enzi hizo kompyuta ya kruzi huchungulia waya wa taa za breki, na nyuzi za balbu za kawaida ndizo njia yake ya kufika kwenye athi. LED haina uzi wa namna hiyo, na kompyuta inasoma kana kwamba waya umekatika au pedali imekanyagwa. Balbu zote zikiungua matokeo ni yale yale. Rudisha balbu za kawaida za wati 21, zote, kisha ujaribu. Balbu hizo zinapatikana hata kwenye duka dogo la spea pale Arua, na hakuna tiba ya kruzi iliyo rahisi kuliko hiyo.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Fundi akitaka kuunganisha waya upite nje ya swichi ya breki ili kruzi ishike, mkatalie. Itashika kweli, lakini siku kompyuta ikikosea kuachia, kugusa breki hakutaikata.

Mkono wa swichi wa Toyota za wakati huo ni ule mfupi ulio chini kulia mwa usukani. Ncha yake ndiyo kitufe kikuu, kuusukuma juu ni RES/ACC (kurudia kasi au kuiongeza), chini ni SET/COAST (kuweka kasi au kuipunguza), kuuvuta kwako ni CANCEL (kuachia). Kazi zote hizo tatu zinapita kwenye waya mmoja. Kompyuta inazitofautisha kwa ukinzani: takriban omu 70 kwa RES, 200 kwa SET na 420 kwa CANCEL, na ukiwa haujaguswa usisome kitu. Ndani kuna vipande vidogo vya shaba vinavyosugua bodi. Vikichakaa, SET inaweza kusoma omu 350 leo na 600 kesho, na kompyuta inapuuza kwa sababu haijui umeomba nini. Dalili zako, yaani taa inawaka ila kasi haishiki, zinafanana sana na hali hii. Nafuu ya muda ni kuufungua, kusafisha bodi kwa spirti ya kusafishia vifaa vya umeme, na kuzipinda kidogo zile shaba ziguse vizuri. Fungua juu ya meza yenye kitambaa cheupe, maana kuna springi ndogo na gololi zinazopenda kuruka.

Ukiamua kununua mkono mwingine, nenda dukani na multimita. Toyota ilitumia familia mbili za mikono inayofanana kwa macho. Ile ya baadaye husoma takriban omu 240, 630 na 1,540. Ukiifunga kwenye Prado yako itaingia vizuri, skrubu zitakaa, na haitafanya kazi. Huko Kisekka, Kampala, mikono ya aina zote huchanganywa kwenye boksi moja, na muuzaji atakuapia kuwa ni ya gari lako. Pima SET. Ikisoma karibu na 200, lipa. Isiposoma hivyo, mrudishie.

Mkono ukiwa mzima lakini kipimo hakifiki chini ya nguzo ya usukani, tatizo ni utepe wa waya unaojiviringisha ndani ya usukani. Utepe huo unabeba kruzi, honi na mfuko wa hewa, na dalili yake ni kwamba matatizo huja kwa kundi: honi inalia kwa kubahatisha, taa ya mfuko wa hewa inawaka, kruzi inakufa ukikata kona. Pima mwendelezo huku mwenzako akizungusha usukani mwisho hadi mwisho. Kabla ya kugusa chochote hapo, toa kichwa hasi cha betri na usubiri walau sekunde 90, kwa sababu mfuko wa hewa huhifadhi umeme wake. Skrubu zinazoshika kifuniko chake ni za nyota, T30. Kifuniko kiweke chini uso ukitazama juu. Katika kurudisha utepe, uzungushe kwa mkono kinyume cha saa mpaka ugome, kisha uurudishe takriban mizunguko 2 na nusu alama zikutane, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukikosea hapo, utepe mpya utakatika siku ya kwanza ya kugeuza gari.

Kasi ni jambo la haraka kulikagua. Sindano ya spidomita ikitetemeka, ikichelewa au ikilala, usihangaike na kruzi kabla ya kuitengeneza, maana alama ya kasi ya kruzi hupitia kwenye saa hiyo hiyo ya dashibodi. Sindano ikiwa tulivu na bado una namba 21, tafuta waya wa kasi kwenye soketi ya kompyuta ya kruzi, swichi ya gari iwe imewashwa, gia N, kisha watu wawili walisukume gari polepole uwanjani. Multimita ipande na kushuka kwa zamu, kutoka karibu volti 0 hadi 5 au zaidi. Njia hii naipenda kuliko kuinua magurudumu, kwa sababu Prado hii huendesha magurudumu yote 4 wakati wote na jeki moja inaweza kukuangushia gari.

Sasa mota yenyewe. Ipo kwenye chumba cha injini, na kebo yake inaelekea kwenye throtoli sambamba na ya pedali. Injini ikiwa imezimwa, vuta mkono wa throtoli kwa upande wa kebo ya kruzi. Iende laini na irudi yenyewe hadi mwisho. Kebo iliyojaa vumbi la murram ambalo limechanganyika na mafuta hukwama katikati, na kompyuta ikiona mkono haukufika ilipouagiza, inaandika 13 au 14. Legezo la kebo lisizidi milimita 10. Likizidi, gari hushika kasi kwa kuchelewa kisha hupitiliza, linashuka, linapitiliza tena, nawe unaona kichwa cha abiria kikitikisika kama anayekubaliana na kila neno. Likikosekana kabisa, injini itabaki na mzunguko wa juu hata ukisimama.

Kisha chomoa soketi ya mota upime. Klachi ya sumaku isome takriban omu 38. Sensa ya nafasi, kutoka mwisho wake mmoja hadi mwingine, takriban kilo-omu 2, na pini ya katikati ibadilike taratibu bila kuruka unapouzungusha mkono. Mpangilio wa pini hutofautiana, kwa hiyo fuata mchoro wa waya wa gari lako, usikisie. Jaribio linalonishawishi zaidi ni hili: ipe klachi volti 12 kutoka kwenye betri kupitia waya wenye fyuzi. Mkono uliokuwa unazunguka bure sasa ugome kabisa kuzungushwa kwa vidole. Ondoa umeme, uwe huru papo hapo. Usipogoma, klachi inateleza au koili yake imekatika. Usipoachia haraka, tupa mota hiyo, usijaribu kuitibu.

Kabla ya kulaumu mota angalia soketi yake. Ukishapeleka gari kuoshwa na kijana akaipiga injini maji ya presha, maji huingia kwenye soketi, na wiki chache baadaye pini zina ukungu wa kijani. Chomoa, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme na mswaki mgumu, kausha, paka grisi ya umeme kidogo. Hilo peke yake hurudisha kruzi nyingi.

Kama yote hayo ni mazima ndipo utazame kompyuta, na hata hapo kuitazama si kuinunua. Fungua kasha lake, chukua kioo cha kukuzia, kagua risasi za kuchomelea zilizoshika pini za soketi na vipande vikubwa. Mtikisiko wa miaka 25 huzipasua kwa mviringo mwembamba kuzunguka pini. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaziyeyusha upya kwa muda mfupi. Mercedes W124 zinajulikana sana kwa ugonjwa huu huu kwenye kisanduku chao cha kruzi, na tiba ni ile ile. Ukilazimika kununua, namba ya sehemu ya Toyota huanzia na 88240. Tarakimu zote zilizo kwenye kibandiko zilingane na zako, zile za baada ya kistari zikiwemo.

Kwa wenye magari mengine watakaosoma hapa: Volkswagen na Volvo nyingi za miaka ya 1980 na 1990 huvuta throtoli kwa ombwe, si kwa mota. Huko ugonjwa mkuu ni mipira iliyopasuka, kifuko cha kuvutia throtoli kinachovuja, na valvu ndogo kwenye pedali ya breki au klachi inayopitisha hewa. Chomoa mpira kwenye kifuko, kibonyeze kwa mkono, ziba tundu kwa kidole: kibaki kimebonyea. Kikijaa hewa taratibu kina tundu. Na yale magari yanayotegemea ombwe la injini yenyewe, bila pampu, hudhoofika zaidi milimani. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ukikanyaga sana kupanda ombwe linakaribia kuisha, kwa hiyo kruzi hulegea hata ikiwa nzima.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni gari lililotoka moja kwa moja soko la Japani. Mengi yake hugoma kuweka kasi inayopita kidogo 100. Huo ni mpaka uliowekwa kiwandani, na hata kwenye barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe sheria inaishia 100.

Ukishatengeneza, futa namba kwa kutoa kichwa hasi cha betri kwa dakika moja, kisha jaribu kwa mpangilio. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, gusa breki mara kadhaa uhakikishe mzunguko wa injini haubadiliki. Toka kwenye barabara tupu, kavu na iliyonyooka, weka 60. Kwanza gusa breki: iachie mara moja. Weka tena, vuta CANCEL. Weka tena, sukuma gia kwenda N kwa mguu ulio tayari, uone kama inaachia na injini haipigi kelele. Halafu zima kitufe kikuu. Zote 4 zikikubali ndipo upande hadi 80. Siku yoyote throtoli ikikwama, kanyaga breki kwa nguvu moja bila kuipampu, weka N, sogea pembeni, kisha zima injini bila kuutoa ufunguo, kwa kuwa ukiutoa usukani utajifunga.

Kati ya Karuma na Pakwach mimi ningeiacha imezimwa hata ikiwa imepona. Nyani wa pale hukaa katikati ya lami wakisubiri ndizi za wasafiri, na kruzi haiwaoni.